Harusi ya Kisian Iliyochezwa kwa Nyayo

Nyamasaria, Kisumu

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unaota jua pale kibarazani, chai umeshakunywa, na goti lako limepatana na baridi ya Wundanyi. Je, kile kikohozi cha Mama kimepungua? Sisi huku tu wazima. Mvua imetusumbua, maji yaliingia hadi mlangoni na tukapandisha godoro juu ya meza, lakini yameshuka na nyumba imekauka. Okoth mume wangu anakusalimu sana. Bado yuko na useremala wake, na bado anakosea kila akijaribu kuniita kwa Kitaita.

Baba, nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Tangu masikio yako yazibe, nazungumza na Mama, naye anakuandikia kwenye karatasi. Lakini Mama unamjua. Habari ya saa nzima anaifupisha ikawa "Wakesho ni mzima, anakusalimu." Hii ya leo sitaki ifupishwe. Isome polepole, na ukichoka uiweke chini uje uimalizie baadaye.

Unajua kazi yangu ilivyo. Siku za wiki nashona nguo kwenye kibanda changu kule Manyatta, na Jumamosi na Jumapili mimi ni dijei. Zamani watu walikuwa wakiniona nimesimama nyuma ya mashine wananiuliza, "Dijei amekwenda wapi?" Siku hizi wamezoea. Wengine wananiita Dijei Mama, ingawa sijazaa. Kibandani huwa naweka spika moja kubwa chini ya cherehani nifanye mazoezi huku nikishona, na wateja wakisubiri wanatikisa vichwa.

Basi siku moja akaja msichana mmoja aitwaye Achieng, na dada yake Atieno, kupimwa gauni la harusi. Achieng ni kiziwi tangu utotoni. Anazungumza kwa mikono, na Atieno ndiye anayetufasiria sisi tusiojua ile lugha ya ishara. Nikawa nampima mabega. Alikuwa ameegemea meza ya cherehani, na chini yake spika ilikuwa inapiga muziki wa zamani wa benga. Ghafla akageuka, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, akatulia kabisa. Pini zilikuwa zinarukaruka ndani ya kisahani. Akamwambia dada yake jambo, vidole vikienda mbio.

Atieno akacheka. "Anauliza hii ni nini inabisha mara mbili halafu inapumzika."

"Mwambie ni gita la besi," nikasema.

Achieng akatazama midomo yangu, akatazama mikono ya dada yake, kisha akanitazama mimi tena. Akasema, na Atieno akafasiri: "Nataka hiyo kwa harusi yangu. Nataka kucheza."

Baba, nilisimama na tepu ya kupimia mkononi kama mjinga. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Shida ikawa mama wa bwana harusi. Bwana harusi anaitwa Ouma, naye pia ni kiziwi, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mtaratibu mwenye mabega kama mlango. Mama yake anaishi Kisian, na sherehe ingefanyika kwake. Alipopata habari kwamba kutakuwa na dijei, alifunga safari hadi kibandani kwangu. Ni mama mnene, mpole, lakini siku hiyo hakukubali hata kukaa.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hiyo maneno ya muziki wacha kabisa. Tutaomba, tutakula, tutaenda nyumbani."

"Kwa nini, Mama? Wao wenyewe wameomba."

"Wewe hujui. Huyu kijana akiwa mdogo alicheza kwa sherehe ya shule. Watoto wengine walisimama, yeye anaendelea. Muziki imeisha, yeye anaruka tu. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Yeye hakusikia wakicheka. Mimi nilisikia." Akajipangusa uso kwa leso. "Sitaki kusikia tena."

Nilimletea maji, akanywa, akaenda zake. Nilitaka kumpigia Atieno nimwambie tuache. Lakini jioni hiyo Okoth aliponisikiliza aliuliza swali moja tu: "Bibi harusi amesema aje?" Nikamwambia amesema anataka kucheza. Akasema, "Basi tutafute vile watajua muziki imeanza na vile imeisha."

Tulianza vibaya. Tuliwaita Achieng na Ouma nyumbani Nyamasaria, tukaweka spika sakafuni, nikaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Wao walisimama pale kwenye saruji wakitutazama kwa heshima, kama wageni waliopikiwa chakula kisichoiva. Saruji haipitishi kitu. Okoth akaenda kwenye karakana yake, akarudi na mbao ndefu, akazipigilia pamoja zikawa jukwaa la chini, lenye uwazi ndani kama ngoma. Spika tukaiinamisha ikaangalia mbao. Nilipowasha tena, Ouma aliruka kama aliyekanyaga siafu. Halafu akavua viatu na soksi, akarudi juu, akafumba macho.

Tukachagua nyimbo siku hiyo, mchana mzima. Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu upya. Kuna ile rumba unayoipenda, Baba, ile yenye magita mawili yanayokimbizana juu kabisa kama ndege. Niliiweka nikiwa na uhakika. Achieng akasimama, akangoja, akatikisa kichwa.

"Anasema hakuna mtu ndani," Atieno akafasiri.

Niliumia, nakwambia kweli. Lakini nilipoweka ohangla, ule muziki wa ngoma wa Kijaluo, mdundo ukagonga mbao, wote wawili wakashikana mikono. Tukaendelea hivyo. Nyimbo nilizozidharau zikapita, nyimbo ninazoziabudu zikakataliwa. Tukakubaliana pia kwamba wimbo ukikaribia kuisha nitainua kitambaa chekundu, ukiisha nitakishusha.

Walipoondoka, nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa Okoth, aliyeniona. Nilijaza pamba masikioni, nikajifunga kitenge kichwani juu yake, nikajilaza kifudifudi juu ya zile mbao, na muziki ukaendelea. Nilitaka kujua wewe uko wapi siku hizi. Mwanzoni nilisikia upweke tu, Baba, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Halafu besi ikaniingia kifuani, ikashuka tumboni, ikapita kwenye magoti. Haikuwa kama zamani. Sitakudanganya kwamba ni sawa. Lakini ilikuwa kitu, na kilikuwa kizuri. Nililia kidogo, Okoth akanifunika shuka akaniacha hapo hapo.

Harusi ikafika. Kanisani mambo yalikwenda vizuri, na gauni lilimkaa Achieng vizuri sana, nisijisifu. Tukaenda Kisian nyumbani kwa akina Ouma, mahema yamefungwa uani, wali na samaki na kuku, watu wengi. Mama Ouma hakutuzuia. Alisema tu, "Mimi nitakuwa jikoni." Na kweli, tulipoanza kupanga jukwaa, aliingia jikoni akafunga mlango.

Marafiki wa maharusi walikuwa wamejaa meza nzima upande wa kushoto, viziwi wenzao waliosoma pamoja. Hiyo ndiyo meza iliyokuwa na kelele kuliko zote, ila kelele yao ilikuwa ya mikono. Wageni wengine walikuwa wakiwatazama kwa kuibia. Niliona vijana wawili wakinong'onezana na kutabasamu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu mama asije akawa amesema kweli.

Nikawasha. Achieng na Ouma wakavua viatu wakapanda. Ngoma ikaanza, nao wakaanza nayo, Baba, papo hapo! Si nyuma yake, si mbele yake. Achieng aliinua gauni kidogo kwa mkono mmoja, mabega yakienda mara mbili na kupumzika, mara mbili na kupumzika. Wale vijana waliacha kunong'ona. Nilipoinua kitambaa wakapunguza mwendo, nilipokishusha wakasimama pamoja na wimbo, kama wamekatwa kwa kisu kimoja. Watu wakapiga makofi, kisha mtu akakumbuka, wakainua mikono juu na kuitikisa hewani, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyoshangilia.

Wimbo wa pili ulikuwa katikati stima ilipopotea.

Kila kitu kikazima. Jenereta ya kukodi tuliivuta kamba hadi mkono wa Okoth ukachubuka, ikakataa. Wageni waliokuwa wameanza kuinuka wakarudi kwenye viti. Ukawa ule ukimya mbaya wa sherehe iliyoharibika. Achieng alikuwa amesimama katikati ya mbao, ananitazama. Nikamfungulia mikono yangu mitupu. Sikuwa na ishara nyingine.

Ouma akatazama chini. Akainua mguu wake, akaupiga kwenye mbao. Mara mbili, akapumzika. Mara mbili, akapumzika. Wimbo ule ule, pale pale ulipokatika. Marafiki wao wakaona. Hawakuhitaji kuambiwa. Walitoka kwenye ile meza wote, wakavua viatu, waliopata nafasi wakapanda, wengine wakapiga ukingo wa jukwaa kwa viganja. Mbao zikalia kama ngoma ya kweli. Na sisi tunaosikia, Baba, tulikuwa tumekaa tunangoja stima!

Bibi mmoja mzee, nyanya yake Achieng, akaanza kuimba juu ya ule mdundo, wimbo wa kuwapokea maharusi kwa Kijaluo. Wanawake wakamwitikia. Mara watu wote wamesimama, wanaimba wakitazama miguu ya Ouma wapate kujua waingie wapi. Sisi ndio tuliokuwa tukiwafuata wao.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama Ouma alitoka mbio na mwiko mkononi, unga hadi kwenye viwiko. Akaja moja kwa moja kwangu, macho yamemtoka.

"Wanacheka? Wanamcheka?"

"Mama," nikamwambia, "angalia mwenyewe."

Akaangalia. Ouma akamwona, akashuka, bado miguu yake inahesabu. Akamnyang'anya ule mwiko kwa upole, akampa mtu wa karibu, akamshika mama yake mikono yote miwili yenye unga na kumpandisha juu. Mama akakosea. Akaingia mapema, akachelewa, akakanyaga gauni la mkwe wake. Ouma akaweka kiganja mgongoni kwa mama yake, akawa anampigia pale, mara mbili na kupumzika, mpaka akashika.

Taa zikarudi. Okoth akanyoosha mkono kwenye mashine, nikamzuia. Tuliacha wamalize.

Baadaye, nikikunja nyaya, Mama Ouma alikuja akakaa karibu nami. Alikuwa anahema bado. Akasema, "Huyu nimemzaa, nimemlea, nimemuogesha. Hatujawahi kucheza na yeye. Leo ndiyo mara ya kwanza." Alinifungia samaki kwenye karatasi, akaenda kuaga wageni.

Sasa Baba, nakuja kwako. Mama aliniambia uliondoka kwenye harusi ya mtoto wa jirani kabla chakula hakijatolewa, kwa sababu mtu alikuuliza neno ukamjibu lingine, na meza ikacheka. Akaniambia pia umempa kaka Mwadime redio yako, ukamwambia kwako haina kazi. Sijui maumivu hayo, na siwezi kukuambia usiyasikie. Mimi ni mtoto wa mtu aliyekuwa akisogeza viti Jumamosi mchana ili acheze na mkewe sebuleni, na nyimbo zote ninazowachezea watu huku nilianza kuzipenda hapo.

Mwezi wa kumi na mbili tunakuja, mimi na Okoth. Ameshaanza kukata mbao nyingine za jukwaa, vipande vifupi ili viingie kwenye basi. Tutaviunganisha sebuleni. Ukikataa, Baba, tutakuja vile vile. Tutakaa tu, tule mahindi, tutazame milima. Mimi nakuja kukuona wewe, siji kukutengeneza.

Nisalimie Mama sana, umwambie nimepata ile dawa ya kikohozi. Nisalimie kaka yangu Mwadime na mke wake, na yule mtoto wao mpya ambaye sijamshika. Shangazi wa sokoni umwambie ndizi zake nazikumbuka, za Kisumu ni tamu lakini si zake. Na mzee mwenzako wa kwaya, mwambie nimemwombea mguu wake.

Ukipata nguvu, nijibu kwa mkono wako, hata kama ni mstari mmoja. Niandikie tu ni wimbo gani unataka tuanze nao.

Ni mimi binti yako,
Wakesho