Abiria wa Ndege ya Alfajiri

Tangier, 2 Machi 2017

Kaka Driss,

Salaam aleikum. Hujambo, na wifi hajambo? Sisi wazima, Mama magoti tu yanamsumbua, na analalamika kwamba umeisahau supu yake ya harira.

Uliniuliza habari za abiria wangu. Kaunta inajaa Jumatatu na Alhamisi, ndege ya alfajiri ya Casablanca: mawakili na wenye viwanda vya nguo. Wanacholaani si nauli. Ni foleni ya ukaguzi, na huu upepo wa Sharki unaotuzuia kuruka. Juzi mzee mmoja kanifokea, "Binti, mimi nataka jambo moja tu, saa tatu niwe mjini!" Liandike hilo kwenye utafiti wako wa chuo, utapasi.

Shirika la ndege linaiogopa treni ya kasi inayojengwa, linataka kunihamishia Agadir. Niende?

Dada yako,
Touria

Casablanca, 20 Machi 2017

Dada Touria,

Aleikum salaam. Hatujambo, alhamdulillahi. Mbusu Mama magoti yote mawili.

Agadir usiende. Hiyo treni ya kasi mnayoiogopa ni maneno tu. Nani ataacha ndege? Baki na Mama. Niandikie na wanayolalamikia abiria wa jioni. Mwalimu wangu kafurahi mno.

Kaka yako,
Driss

Tangier, 11 Januari 2019

Driss,

Salaam aleikum. Mama mzima. Mimi nipo.

Tangu treni ianze Novemba, ndege ya alfajiri imekuwa ikiruka na watu tisa, au saba tu. Jana wameifuta. Nafasi ya Agadir alishapewa mwingine.

Nikapita stesheni kumtazama adui. Bango ukutani: "Hakuna Sharki. Hakuna foleni. Saa tatu uko mjini." Nikacheka, nikadhani maneno yamefanana tu na ya yule mzee. Usiku wifi kampigia Mama, anajisifu kwamba bango ni lako, na kwamba unaitangazia reli tangu 2016. Kumbe chuo hakikuwepo.

Ungeniambia ukweli, maneno ningekupa vile vile, nami ningeondoka. Kwa nini ulinizuia?

Touria

Casablanca, 3 Februari 2019

Dada yangu,

Salaam, na nisamehe. Ungekwenda Agadir, nani angeniletea habari za kaunta? Ndiyo hivyo, nimesema. Nimewaomba watu wa reli wakupe kazi. Usikatae kwa hasira.

Kaka yako daima,
Driss

Tangier, 28 Aprili 2019

Driss,

Salaam aleikum. Mama hajambo, anakuulizia. Sijamwambia maneno ya bango uliyatoa wapi.

Kazi ya reli ninayo. Niliiomba mwenyewe, nikafanya mtihani, kabla barua yako haijafika. Sare inanibana kwapani.

Nakaa dirisha la tano. Ukija kumwona Mama, tikiti ya kurudi kakate dirisha jingine.

Binti wa mama yako