Vitambaa vya Mguu wa Mama

Dar es Salaam, 4 Juni 2023

Dafrosa mdogo wangu,

"Kinachong'arisha mashuka kitamla mgonjwa nyama." Unasema ndiyo hoja ya shangazi Kashindye. Si kweli! Nitamjibu, ila salamu kwanza: mama ameamkaje? Mguu aliounguza kwenye bani la kukaushia tumbaku unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu.

Sasa shangazi asikie. Kitosani, hiyo dawa anayoiogopa, tunaitengeneza hapa karakana kwa maganda ya kamba wa baharini. Kwenye viwanda vya nguo haing'arishi yenyewe. Inanasa chembe za chuma zilizomo majini ili dawa ya kung'arishia isitoboe nguo. Ikisafishwa zaidi, inatengenezwa vitambaa vya vidonda: vinazuia damu, na mwili hauvikatai. Anayebisha hilo huku akipaka kidonda majivu ni mjinga, na ujinga wake utamuua mama yangu.

Nimetuma vitambaa kwa basi. Daktari avione, kisha mfungeni.

Kaka yako,
Revocatus

Urambo, 13 Juni

Shikamoo kaka,

Sisi wazima, ila mama ana homa. Mzigo umefika, daktari amesema vinafaa.

Lakini umesahau nyumbani? Barua husomwa sebuleni, wote wameketi. Nilipofika kwenye "mjinga" nikaikunja barua. Mama akasema, "Soma, usimfichie kaka yako." Nikasoma. Shangazi alikuwa anamnywesha uji. Akacheka: "Mjinga huyu ndiye aliyembeba Revo mgongoni akiwa mchanga!" Akaweka bakuli chini, akaenda Igalula kwa mwanawe.

Sasa mama hataki kufungwa. "Kitambaa kilichokuja na tusi la wifi yangu hakinigusi, mpaka Revo aombe radhi."

Mwandikie shangazi upesi. Mistari miwili inatosha.

Mdogo wako,
Dafrosa

Dar es Salaam, 20 Juni

Dafrosa,

Salamu kwa wote. Poleni na homa ya mama.

Niombe radhi kwa kusema kweli? Majivu yanaozesha kidonda, hata yakipakwa na shangazi. Nikirudi nyuma leo, kesho mtaniambia nimsifu. Mwambie mama aache hasira za wanawake, afungwe. Wenzangu wa karakana nimewasomea jibu hili, wamecheka sana.

Kaka yako,
Revocatus

Urambo, 9 Julai

Kaka,

Sikuulizi hali, wala usiulize yetu. Tumemzika mama jana; simu yako tulipiga, haikupatikana.

Barua yako ya pili sikuisoma sebuleni. Nilimpigia shangazi, nikamwambia mama anazidiwa. Akaja na treni ya kwanza. Akafungua mzigo wako, akajifunga kitambaa mkononi mwake mwenyewe. "Wifi, tazama, hakinili. Huyo mtoto ana mdomo mchafu, ila dawa yake safi. Kubali." Mama akakubali. Tulimfunga, akalala vizuri siku mbili. Lakini daktari alisema sumu ilikwishaingia kwenye damu. Tumechelewa.

Ulisema kweli kuhusu majivu na vitambaa. Msema kweli ameshinda, na mama yuko kaburini.

Basi wewe, na wenzako wa karakana wanaocheka ukiwasomea majibu yako: msituandikie tena. Pandeni treni. Njooni mketi sebuleni, mbele ya walewale waliosikia barua. Wewe Revocatus, umpigie shangazi magoti, useme radhi kwa sauti. Kisha wote mshike miguu ya watu wanaoungua kwenye mabani haya, muwafunge kwa mikono yenu.

Dafrosa