Nimefungiwa kwenye Lifti kwa Ajili ya Ganuni

Nuhad mwenzangu, haya kaniambia mjukuu wangu Tala saa sita leo, akipiga kelele kupitia mlango wa lifti. Na mimi nilikuwa NDANI! Umeme ulikatika nikiwa kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na mbilingani zangu mkononi.

"Bibi, jenereta inabeba kitu kimoja tu! Nikiwasha lifti, kompyuta inazimika!"

Eti anaunda programu ya kutengenezea sauti ya ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Za madukani hazijui robo ya sauti, zile noti za katikati, lakini kuna watu wameiweka hii bure, kila mtu ajiundie mwenyewe. Kaanza alfajiri, na umeme ulipokatika jenereta ikaidaka kompyuta. Ikikatika, anaanza upya, na wimbo wake wa kuombea kazi redioni mwisho wa kuutuma ni saa saba.

"Imefika wapi?"

"Tisini na moja kwa mia!"

"Mimi nimefika ghorofa ya tatu na nusu. Nani atangulie?"

Kajibu kwa kasauti kadogo, Nuhad: "Sema wewe, Bibi."

Nikaketi sakafuni, gizani. Nikamwambia, "Unda."

Ikafika mia, nikapiga vigelegele humo humo. Mara nasikia kilio: programu ya muziki haiioni!

"Umeiweka wapi?"

"Kwenye folda!"

"Folda gani? Chungu ukikiacha kwa jirani, utakiona jikoni kwako?"

Kumbe kweli, kaiweka kwingine. Kaihamisha, ikaonekana.

Kautia wimbo ganuni, kautuma redioni saa saba kasoro dakika tano. Ndipo kaigeuzia lifti jenereta, nayo ikatikisika.

Nimefungua kila mlango wa nyumba, Nuhad, hata wa kabati, sitaki kufungiwa tena. Tala kalala kochini, kazikumbatia mbilingani zangu.