Mswaki Uliokwenda kwa Mfumu

Shinyanga, Jumanne, 18 Oktoba 1983

Kumbe mswaki wangu haukupotea. Tangu juzi nawalaumu mbuzi bure.

Mama Yohana ndiye aliyeuchukua, akaupeleka kwa mfumu. Mke wangu, anayefundisha katekisimu kila Jumamosi. Huku kwetu mgonjwa asiyejiweza hutuma kijiti chenye mate yake. Mfumu hukigusisha mdomoni mwa kifaranga, kisha humpasua na kusoma ugonjwa ndani yake. Na mswaki ni kijiti, mate yangu yamo tele.

Alikiri mwenyewe jioni, akinibadilishia bandeji shingoni, pale daktari alipokata kinyama cha kupeleka Mwanza. Majibu hayajarudi. Kila nikigusa uvimbe, naona umekua.

Sikukasirika, na hilo lenyewe limenitisha. Mimi niliyefundisha sayansi hadi nikastaafu, nilisikia mdomo wangu ukiuliza, "Kifaranga amesema nini?"

"Mwalimu, si wewe uliyesema kuku hajui kitu?"

"Nilisema. Lakini amesema nini?"

"Subiri karatasi ya Mwanza," akajibu, akaenda jikoni.

Aliporudi alinipa uji. Nilionja, nikabaki na kikombe mkononi. Sukari haipatikani madukani siku hizi. Ile kidogo tuliyo nayo ameifungia sandukuni, ya Krismasi, na hata wajukuu wakilia hafungui.

Uji ulikuwa mtamu sana.

Niliunywa wote. Yeye alikuwa akitazama mlangoni.