Chakula cha Mchana kwa Mwende

Jumatatu, 4 Agosti

Sukuma wiki nimeimwagilia maji. Kuku nimewafungia. Nimepika chai ya mtu mmoja, nimeinywa nikiwa nimesimama.

Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa amepiga simu. Jumamosi ni safari ya Masinga: boti kuzunguka bwawa, halafu chakula katika kijiji cha zamani cha wavuvi, upande wa Ekalakala. Nimekubali kabla hajamaliza. Ameshangaa, maana huwa siendi popote. Sikumwambia kwamba mdogo wangu Mwende anaishi hapo.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu ya Mwende haipatikani.

Alipoolewa na mvuvi kutoka ziwani, baba alisema mla samaki hatakanyaga kwake. Kwa baba, samaki na nyoka ni ukoo mmoja. Hata siku ya kumzika baba, Mwende alibaki nje ya geti. Sasa nasikia mumewe naye amefariki. Wangu alitangulia. Watoto wangu wako Nairobi, wanapiga simu wakikumbuka.

Nimetandika chumba cha pili. Nataka aje tuishi wote. Akikataa sijui nitafanya nini. Nyumba hii inanimaliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimechoka. Nimekasirika pia, sijui na nani.

Kwenye boti wenzangu waliimba. Mimi nilitazama ng'ambo njia yote. Kijiji kimebaki mabanda machache ya mabati na vichanja vya kukaushia samaki, vingi vitupu. Mwende alikuwa jikoni, kumbe ndiye mpishi wetu. Amekonda jamani.

Alikuwa amekaanga samaki wa kutosha kundi zima, kama mwenyekiti alivyoagiza. Kumbe kila mama alikuwa amebeba muthokoi wake, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kutoka nyumbani. Sisi Wakamba! Samaki tuliwaagiza kwa heshima, kula ni mambo mengine. Mwende akatoka na sinia, akakuta hotpoti za chakula zimefunguliwa. Yangu pia, mapajani. Aliniangalia. Akarudi ndani.

Nikamfuata. Nikachukua samaki, nikauma kama mahindi. Mwiba ukanikwama kooni. Akanipa tonge la ugali.

"Meza. Usitafune."

Nilimeza huku nalia. Nikamwambia chumba kiko tayari, twende.

"Siendi, dada. Bwana wangu amezikwa hapa. Na wewe unatafuta mtu wa kukaa na wewe. Hujakuja kuniona."

Nilitaka kubisha. Nahodha akatuita. Nikapanda boti.

Ni kweli alivyosema, na imeniuma kuliko mwiba.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada wenzangu walikuwa wakimcheka yule mama wa samaki, alivyonuna. Nikasema ni mdogo wangu, tumbo moja. Mwenyekiti akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Mchana nimelala kidogo. Mvua hakuna. Hakuna aliyepiga simu.

Jumamosi nitaenda Ekalakala mwenyewe. Sina la kumwomba. Sijui kama atanikaribisha. Sitabeba chakula.