Hodi Sitini na Tatu

Jumamosi, 1 Februari

Kabati limefika. Limepanda hadi orofa ya tatu likisukumwa na wanafunzi wangu wawili wa kike, nami mshauri wao nikishauri tu — "Kushoto! Kushoto! Ah, kushoto kwangu!" — mpaka likanibana kidole ukutani. Sasa binti mmoja ameshanibatiza Mzee Kushoto. Kidole kimevimba vizuri tu.

Daftari hili nililinunua la mafunzo ya Shindano la Miradi Endelevu ya Vijana. Mkuu wa chuo alinichagua mimi, mwalimu wa karakana, niwe mshauri kwa sababu, alivyosema, "wewe nyumbani hakuna anayekusubiri." Alisema huku akicheka. Nikacheka naye. Basi, daftari nimeligeuza la mambo yangu.

Wazo ni lao, si langu. Mwenyekiti ndiye aliyelianzisha. Hatuna chama chochote, ila binti huyo alizaliwa mwenyekiti. Alisema: jengo ninalokaa lina nyumba kumi na mbili, kila nyumba inanunua drili, inatumika dakika kumi kwa mwaka, halafu inalala uvunguni, halafu jalalani. Kwa nini isiwe moja ya wote? Mwenzake, Takwimu, akapiga hesabu papo hapo mgongoni mwa bahasha. Drili moja, ngazi moja, cherehani moja, sufuria moja kubwa. Kabati la Kuazima! Kwenye fomu wamejaza lengo: nyumba zote kumi na mbili ziazime, isibaki hata moja.

Likae wapi? Hakuna aliyekuwa na nafasi. Mimi ninayo. Chumba cha binti yangu ni kitupu tangu alipoolewa mbali, na mama yake akamfuata kumsaidia uzazi. Miezi mitatu, alisema. Mjukuu sasa anahesabu mpaka mia.

Jumatano, 5 Februari

Hodi ya kwanza! Jioni, saa kumi na mbili. Nilidhani ni kwa jirani. Ikarudiwa. Nikamwaga chai. Na neno la kujibu likanipotea — nikauliza "Nani?" kama askari wa zamu. Alikuwa Mama Pacha wa orofa ya kwanza, anataka ngazi. "Karibu" ilinijia yeye ameshafika sebuleni.

Takwimu ameandika kwenye kumbukumbu za mradi: Hodi 1. Nikamwelekeza kwamba lugha ya kitaalamu ni "idadi ya maombi". Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, huyu mama hakuleta ombi. Amepiga hodi."

Mwenyekiti akapitisha bila kura. Basi hodi ndicho kipimo chetu, kama kilo, kama lita.

Jumapili, 16 Februari

Hodi 38. Nimenunua vikombe.

Mama Pacha amekuja tena, na safari hii hakuazima kitu. Alikaa, akasema miguu inamuuma, akatazama huku na huku. "Shemeji, mapazia haya hata hayakutii aibu?" Akanywa chai, akaondoka. Takwimu akauliza hodi hiyo aiandike wapi. Nikasema ifutwe. Hakufuta. Amefungua safu mpya pembeni: Mengineyo.

Karibu kila nyumba imeshakuja. Hajaja Bwana Viti, anayekaa juu yangu. Namwita hivyo kwa sababu kila jioni huburuta viti sakafuni, krrr, krrr, nami hugonga dari kwa mti wa ufagio. Miaka kumi na moja hayo ndiyo mazungumzo yetu. Tukikutana kwenye korido tunapishana kama wagombea wa jimbo moja.

Mama watoto amepiga simu. Nikamsimulia. "Watu wanakuja kwetu? Kufanya nini?" Amesema "kwetu". Nikataka kumuuliza anarudi lini, mjukuu akamnyang'anya simu akaanza kuhesabu. Nilimsikiliza mpaka sabini na kitu. Laini ikakatika.

Jumanne, 25 Februari

Barua ya waamuzi. Imekuja kwangu kwa kuwa mimi ndiye mshauri. Mabinti wameingia fainali!

Kwa sharti.

Nainakili: "Hodi sitini na tatu zote zimepigwa kwenye mlango mmoja. Mradi utaendeleaje mwenye mlango akiondoka?" Wanataka kabati lihamie mahali pa wote. Wakazi waliendeshe wenyewe, kuanzia Jumatatu tarehe tatu na si baadaye, ripoti iwafikie Jumamosi tarehe kumi na tano kabla ya saa sita mchana. Mshauri asihusike kwa namna yoyote. Bila hivyo, fainali hakuna.

Ni swali zuri. Mimi mwenyewe niliwafundisha: mradi endelevu ni ule unaoendelea ukiwa haupo. Nikaandika ubaoni. Nikapigia mstari mara mbili, maana nina mbwembwe.

Nimeikunja barua nikaitia katikati ya kitabu. Kesho nitawaambia.

Jumatano, 26 Februari

Sijawaambia. Leo hodi tatu.

Alhamisi, 27 Februari

Mwenyekiti kaniuliza kule karakana: "Mzee Kushoto, waamuzi bado kimya?" Nikasema bado.

Bado! Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Tena neno limetoka laini kabisa, kama limepakwa grisi.

Jioni fundi cherehani wa orofa ya nne amekuja kuchukua drili, akaenda nayo, akarudi. "Umenipa drili bila biti. Nitatoboa kwa kidole?" Nikasema ni uzee, jirani. Kwa kuwa ameshapanda na kushuka amechoka, akakaa nusu saa. Akanisimulia mumewe anavyokoroma. Tumecheka sana.

Ijumaa, 28 Februari

Niandike ilivyokuwa, nisijipambe.

Takwimu alikuja na kumbukumbu zake, Mwenyekiti nyuma yake. Akasema kuna kitu hakimkai akilini. Katika zile hodi sitini na tatu tulizowapelekea waamuzi, ukiacha za kurudisha ambazo hahesabu, ngazi imeazimwa mara kumi na nne, ina hodi kumi na nne. Drili imeazimwa mara kumi na moja, ina hodi ishirini na mbili.

"Kila anayechukua drili anarudi, Mwalimu. Anafuata biti."

Mwenyekiti akanitetea. "Si anasahau tu. Mzee Kushoto huyu, miwani yake huitafuta akiwa ameivaa."

"Mtu anayesahau," Takwimu akasema, "kuna siku angekumbuka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayesoma mita ya maji. Nami nikajisikia masikio yakiwaka moto, kwa sababu ni kweli. Mara ya kwanza nilisahau. Nesi wa orofa ya pili akarudi, tukaongea mpaka chai ikapoa. Mara ya pili sikusahau.

Nikafungua kitabu nikatoa barua. Mwenyekiti akaisoma hadi chini, akarudi juu kwenye tarehe.

"Jumanne?"

"Jumanne."

"Jana nilikuuliza."

Hakuwa mwenyekiti tena. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye amekaa wiki nzima akiamini ameshindwa. Mimi nina utani wa kila hali, leo sikuwa nao hata wa kuazima. Nikasema nisameheni. Akasema haina shida, Mwalimu. Ile "Mwalimu" yake!

Takwimu alikuwa ameinama anaandika. Amezihamisha zile hodi kumi na moja kwenye Mengineyo. Kati ya zile sitini na tatu zimebaki hamsini na mbili. Akauliza kama waamuzi waelezwe kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa na kasoro. Nikasema waelezwe, na kasoro ni mimi. Akaandika "kasoro ya uendeshaji". Ana staha, binti yule.

Jumapili, 2 Machi

Limeshuka. Liko chini sasa, pale penye masanduku ya barua. Ufunguo utazunguka nyumba kwa nyumba, wiki moja moja, na ratiba imebandikwa ukutani. Waliobeba ni wakazi wenyewe. Mimi sikuruhusiwa kugusa — asihusike kwa namna yoyote — nikasimama mlangoni mikono nyuma kama mgeni rasmi. Walipofika kwenye kona nikasikia linagonga ukuta. Nilitaka kusema kushoto. Nikameza.

Mwenyekiti alinishukuru kwa mchango wangu. Sentensi yote ilikuwa sanifu.

Chumbani zimebaki alama nne sakafuni, za miguu ya kabati.

Jumamosi, 8 Machi

Hodi 0.

Nimefua mapazia.

Wakati mwingine sauti hupanda kutoka chini. Mtu anacheka, mlango wa kabati unalia — ile bawaba ya juu nilisema itiwe mafuta. Nikashuka mara moja kujifanya natazama barua. Mama Pacha alikuwepo na nesi, wanabishana ngazi iende kwa nani kwanza. "Shemeji, huonekani siku hizi!" Mimi nisionekane? Niko pale pale nilipokuwa. Nikasema kazi nyingi. Sanduku la barua lilikuwa tupu, nikalifunga kwa ufunguo kwa uangalifu mkubwa.

Mradi unaendelea nikiwa sipo. Vizuri sana. Niliwafundisha vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Taa ya ukumbi imeungua. Dari la nyumba hizi lilijengwa na mtu aliyetarajia twiga. Nimepanda kiti, nikaongeza ndoo juu ya kiti, nikasikia sauti ya mama watoto kichwani ikisema utavunjika uzee huo. Nikashuka.

Ngazi iko chini, kabatini. Nikaenda kusoma ratiba. Ufunguo wiki hii, mpaka Jumapili: nyumba ya juu yangu. Bwana Viti!

Ah, giza nalo si baya. Napapasa ukuta mpaka chooni. Nimeshazoea.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi ujumbe wa Mwenyekiti. Ripoti iko tayari, bado mstari mmoja. "Nyumba kumi na moja kati ya kumi na mbili zimeazima. Hata yule wa juu yako, nyundo na gundi. Imebaki yako tu."

Yangu! Nilikuwa nikihesabu milango ya wengine, wa kwangu ukanipita.

Nikajibu kwamba mshauri haruhusiwi kuhusika. Dakika moja haikupita: "Takwimu amewauliza waamuzi. Kama mkazi unaruhusiwa." Halafu Takwimu mwenyewe, mtu ambaye hupoteza maneno kwa nadra: "Lakini kama huna shida usiazime. Nitajua."

Halafu Mwenyekiti tena: "Tunafunga saa sita kamili, Mzee Kushoto."

Nimeusoma huo wa mwisho nikiwa ukumbini gizani, maana hauna dirisha, kwa mwanga wa simu. Mara tatu, nne. Halafu nikatazama juu, penye taa iliyokufa. Shida ninayo, Takwimu. Ninayo tangu Jumatano.

Saa tano na robo. Nimekaa kwenye ngazi kwa ajili ya kwenda kuazima ngazi. Lugha yetu nayo ina mzaha. Hii ngazi ya kwenda orofa ya juu sijaipanda miaka kumi na moja. Ina vidato kumi na nane. Daftari nimekuja nalo sijui kwa nini. Nadhani ili nisionekane sina shughuli.

Nitasema nini? Samahani kwa ufagio? Habari za viti? Watu hodi hizi zote walizipigaje? Nesi wa orofa ya pili alikuja na kandambili, nywele hazijachanwa, akapiga hodi kama anayeita mdogo wake. Mimi nimevaa shati nililoliweka la kuvaa siku ya fainali.

Saa tano na dakika thelathini na tano. Niko mlangoni. Mlango ni wa kahawia kama wangu, zulia la kufutia miguu ni kama langu, limechakaa upande mmoja tu, kama langu: wa mtu anayeingia na kutoka peke yake.

Nimegonga. Nikasema hodi. Imetoka ndogo, kama imetumwa dukani.

Kimya.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Labda hayupo. Labda yupo ameshika ufagio. Saa tano na dakika arobaini. Nirudie? Hodi ya pili huhesabiwa? Takwimu atajua.

Nimerudia. Kwa sauti.

Ndani — krrr.

Miaka kumi na moja sauti hii naisikia nikiwa chini yake. Hapa mlangoni inasikika tofauti kabisa. Ni mtu anainuka.