Dawa ya Wambui Haichemshwi

Mtaa wa Landless, Jumanne

Na vile nilikuwa nimeshalaumu kila mtu. Miezi miwili Wambui wangu hajashikwa na kifafa, halafu jana pekee, mara tatu. Nikasema vile vidonge vya vitamini vinavyotuliza kifafa chake ni feki. Nikasema yule mfamasia wa Ruiru hajui kuvisaga na kuvichanganya na maji.

Leo nimeomba ruhusa kiwandani nikampelekea chupa ya dawa. Ameiinua, akaangalia rangi.

"Mama Wambui, hii mnaiweka wapi?"

"Kwa friji ya mama yangu, cucu wake, gizani, vile ulisema."

"Hii imepata moto. Rangi haibadiliki hivi bure."

Amenitengenezea nyingine, kidogo tu. Hata hiyo hawezi kuniapia itakaa na nguvu siku ngapi. Ni maji na vitamini, anasema, si jiwe.

Nimepitia Mugutha kwa mama, ambaye hushinda na mtoto nikiwa kazini. Hakuficha. Kila asubuhi humimina dawa kwa sufuria, ikitokota anaipoza, anairudisha kwa chupa.

"Si ndio isiharibike, mami? Kama maziwa," mama akaniambia.

Uui. Nilikuwa nimechoka, na nilifungua mdomo nimfokee. Halafu nikaona ile karatasi juu ya jiko, mwandiko wangu mwenyewe, tangu majuzi, ile wiki Wambui aliharisha mpaka akalazwa: KILA KITU CHA MTOTO KICHEMSHWE.

Nimeibandua nikaikunja. Mama akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama alisahau kuchemsha kitu.